Mashine Bado ni ya Naima

Miteja,
3 Februari 2025

Kwa mpwa wangu Umi,

Asalaam aleikum. Sisi huku ni wazima kwa uwezo wake Mola, ukiacha magoti yangu, ambayo hayana habari mpya. Mkaza mjomba wako anakusalimu. Muhogo wa bondeni umeliwa na nguruwe pori, na si kuliwa tu: wamekula, wamelala, wamekunya palepale walipolala. Nimesimama pembezoni mwa shamba nikatema mate. Mvua imeanza vizuri, mpunga unatia moyo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu huipokei. Nimepiga tangu tulipomzika mama yako, mpaka mke wangu akaniambia niache kujidhalilisha. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini utakuwa umeshaiona.

Neno langu ni hii kompyuta ya marehemu dada yangu Naima. Umeme ulikatika wakati inajirekebisha yenyewe, betri ilishachoka, na tangu siku hiyo ukiiwasha inaleta kioo cheusi na maneno meupe ya ugomvi, basi. Niliifungua kifuniko cha chini nione kama kuna waya umeachia. Umi, mimi nimekuwa bwana afya mpaka nastaafu. Nimechungulia vyoo vya shule, vyoo vya minada, vyoo vya magulio ya korosho. Kinyaa nilichokipata hapo sijakipata popote. Mayai ya mjusi karibu na betri. Mavi ya mende katikati ya herufi. Punje ya wali, ngumu kama kokoto, chini ya herufi ya N. Nimepangusa kwa spiriti huku nimejifunga kitambaa puani, na bado usiku wali ulinishinda.

Hitima yake tumeiweka mwezi wa saba. Utaratibu wa kwetu unaujua: kitu cha marehemu hakigawiwi kikiwa kibovu, na hakiitwi cha mtu mwingine mpaka hitima isomwe. Sufuria zake zimesuguliwa, cherehani kimetiwa mafuta. Imebaki mashine hii tu, imekaa mezani inanitazama. Niliipeleka kwa fundi mmoja Nangurukuru. Akachomoa diski mfuko wa nyuma wa suruali, mfuko anaoukalia kutwa nzima, akataka kuiingiza ndani ya kitu cha dada yangu. Nikamshukuru nikaondoka.

Wewe ndiye uliyemnunulia na ndiye uliyemwekea programu zake. Niambie nifanye nini. Wasalimie wote hapo ulipo.

Mjomba wako,
Abdurahmani


Lindi Mjini,
19 Februari 2025

Mjomba wangu,

Waaleikum salaam, na shikamoo. Barua yako nimeipata kwa Bakary wa basi, haikuchanwa. Pole kwa muhogo na pole kwa magoti. Huku ni joto tu. Duka linaenda, watu wanakuja kutoa fotokopi, kupiga picha za pasipoti na kuniletea mashine zao. Mjomba, unadhani wewe umeona uchafu? Ngoja nikusimulie wa ndani. Juzi amekuja mzee mmoja wa heshima zake, kanzu imenyooshwa, anasema kompyuta imekuwa nzito. Naifungua, imejaa picha ambazo nilitamani ninawe macho. Yeye amesimama palepale, ananitazama ninavyozitazama, hana hata haya. Nilimrudishia nikamwambia haitengenezeki. Inatengenezeka sana.

Tuje kwenye lako. Hiyo mashine haijafa, imepoteza programu kubwa inayoiendesha. Kuiwekea programu hiyo upya vijana wa mjini wanaita kupiga windo, hata kama si Windows. Nimekuwekea ile ile aliyokuwa nayo mama kwenye flashi hii iliyomo ndani ya bahasha. Usiogope, siku hizi huandiki amri kwa mkono. Ni kurasa zenye picha na vitufe: unasoma, unachagua, unabonyeza Endelea. Zima mashine, chomeka flashi, washa huku unabonyezabonyeza F12, itakuuliza iwake kutoka wapi, chagua flashi. Itakuja lugha, kisha kibodi, kisha mtandao ambao utauruka.

Halafu utafika penye machaguo mawili. La kwanza linasema futa diski nzima, sakinisha upya. La pili linasema sakinisha upya, mafaili ya mwenyewe yaachwe. Chagua la kwanza. Narudia, mjomba, la kwanza, si la pili. Mashine ya zamani huwa inabeba takataka nyingi, bora ianze safi. Baada ya hapo itakuuliza uko wapi duniani na jina lako nani. Andika jina lako, maana wewe ndiye utakayeitumia. Kisha unaiacha ijaze. Usijaribu kufungua kitu chochote cha zamani.

Uliandika niwasalimie wote hapo nilipo. Hapa tuko wawili tu, na huyo wa pili ana jina.

Mpwa wako,
Umi


Miteja,
11 Machi 2025

Kwa mpwa wangu Umi,

Asalaam aleikum, na Ramadhani njema. Saumu inaenda, mwili mzito, moyo mwepesi. Mkaza mjomba wako alipata homa ila sasa anapika futari kama kawaida, na kama kawaida tambi zinazidi sukari. Jirani yetu Hussen, mtoto wake amemaliza juzuu, tulisoma dua.

Bahasha yako imefika. Bakary aliiweka kwenye kapu moja na ng'onda. Nimetoa flashi, nimeinusa, nimeiweka juani, nimeinusa tena. Nimelazimika kuingiza kitu kinachonuka samaki mkavu ndani ya mashine niliyoisafisha kwa spiriti. Nilifanya hivyo baada ya kufuturu, maana mchana ningebatilisha saumu kwa kichefuchefu.

Hiyo programu yako sikuipenda tangu ukurasa wa kwanza. Inaanza na Karibu kubwa, eti inafurahi kuwa nami. Inafurahia nini? Hatujuani. Kisha ikaleta lugha. Nimeteremka na kishale mpaka chini, nimepanda mpaka juu. Zimo lugha za watu ambao wakikusanyika wote hawajazi uwanja wa mpira wa Kilwa Masoko. Kiswahili hakimo. Nikabonyeza Kiingereza kama mtu anayekunywa dawa ya minyoo. Kwenye kibodi ikaniletea kijisanduku, eti nijaribu kuandika nione kama herufi zinatoka. Nikaandika "sipendi". Zilitoka vizuri.

Hapo ndipo Hussen aliponikuta. Alikuja kuazima jembe, akavuta kiti, akaanza kutoa maoni. Akasema siku zote chaguo la kwanza ndilo lililo bora, na ili kunionyesha akaugusa uso wa mashine kwa kidole kilichotoka kwenye kachori. Umi, mafuta yalibaki pale kama jicho. Nikampa jembe aondoke.

Nikafika kwenye hayo machaguo yako mawili. Nikaliwekea alama la kwanza kama ulivyosema. Likatokea onyo jekundu: kila kilichomo kitafutika, na ukishabonyeza hakuna kurudi. Nikaondoa mkono.

Nimefukia mashimo mengi ya vyoo katika kazi yangu. Lakini kabla ya kufukia shimo tunachungulia na taa, tunaita, isije ikawa kuna mtu ndani. Nami najua kuna mtu ndani ya hii. Mama yako alikuwa anasemea humu. Wakati ule amelala hapa kwangu anaumwa, alasiri akishakunywa dawa alinitoa ukumbini, akafunga mlango, nikawa namsikia anaongea na mashine taratibu, kama mtu anayeongea na mgeni. Nikimwuliza anasema hayanihusu. Wewe unayajua haya. Uliposema takataka za zamani ulijua unasema nini.

Nimezima. Sijabonyeza kitu. Kwa nini unataka nifute?

Wasalimie hapo.

Mjomba wako,
Abdurahmani


Lindi Mjini,
27 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nawatakia mmalizie mfungo salama, na Idi njema ikifika kabla ya barua. Mpe pole mkaza mjomba. Sisi wazima. Dionis anachomelea mageti kule njia ya Mitwero, anarudi macho mekundu.

Umeniuliza kwa nini, basi nitakwambia mara moja tu, usiniulize tena.

Nilipompigia mama nikamwambia nimeolewa bomani, na mtu wa Kipatimu, Mmatumbi, Mkristo, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Nina neno langu. Nitaliweka kwenye mashine yako, mtalisikia mimi nikiwa sipo." Akakata. Nilipiga tena, mkapokea nyinyi, mkasema amelala. Kila nilipopiga alikuwa amelala. Mara iliyofuata niliyoitwa, niliitwa kuzika.

Na kwenye maziko unajua mlivyotupokea. Mimi nilikwenda kwa wanawake. Dionis alisimama barabarani, kofia mkononi, mpaka jeneza likampita, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemwambia njoo ukae. Maji alipewa na muuza vocha. Nilitapika njia nzima ya kurudi Lindi, na wala siugui gari.

Wewe unamjua dada yako. Akiudhika hapigi kelele, anapanga maneno. Alikuwa na miezi ya kuyapanga. Nimekaa nayakisia mpaka nimeyajua kwa moyo, ila sijayasikia, na maadamu sijayasikia naweza kuamka asubuhi nikafungua duka. Sitaki kusikia mama yangu ananinyima radhi kwa kinywa chake mwenyewe, tena kwenye mashine niliyomnunulia mimi. Ukisema mende na mijusi, mimi naona hilo neno ndilo lililooza humo ndani, na kinyaa chake kinanifikia mpaka huku.

Lifute. La kwanza, si la pili.

Umi


Lindi Mjini,
9 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo, na samahani kwa haraka, Bakary anapakia.

Usifute.

Amekuja mama mmoja dukani na simu iliyoingia maji. Anataka picha ya mtoto wake tu, simu yenyewe hana haja nayo. Nimejaribu nilivyojua, hakuna kitu. Nikamwambia imekwenda, mama. Hakulia. Aliipangusa ile simu kwa pindo la kanga, akairudisha kifuani, akaondoka nayo. Sijaweza kula tangu jana.

Hata kama ni laana, ni sauti yake. Sina nyingine. Kama hujaanza, usianze. Kama umeanza, zima umeme.

Umi


Miteja,
15 Aprili 2025

Kwa Umi,

Asalaam aleikum. Idi ilikuwa njema, tulikula pilau. Mvua imekula barabara karibu na daraja la Matandu, magari yamelala pande zote mbili, watu wanajisaidia kandokando ya lami mpaka hakufai kupita. Barua hii anavuka nayo mtu kwa mtumbwi.

Barua yako ya Machi niliisoma mara mbili. Safari hii kinyaa changu si cha mende.

Kazi nimeimaliza. Mashine inawaka, safi, haina ugomvi wowote. Mengine sitaandika leo, maana nikiudhika mwandiko wangu haueleweki.

Abdurahmani


Lindi Mjini,
2 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barabara imepona na nyote ni wazima.

Umeandika kazi umeimaliza. Kwa hiyo barua yangu ya tarehe tisa haikuwahi. Nimemfuata Bakary stendi, anasema iko kwenye dashibodi ya basi lake, na basi liko kwenye tope ng'ambo ya Matandu.

Sikulaumu hata kidogo. Nilikuelekeza mwenyewe, nikakariri kama mwalimu wa chekechea: la kwanza, si la pili. Watu wananiletea vitu vyao nivikomboe, na cha kwangu nimekitupa mwenyewe, kwa barua. Nimejionea kinyaa ambacho hakitoki kwa sabuni. Dionis ameniuliza nalia nini, nikamwambia unga wa wino wa mashine ya fotokopi umeniingia machoni. Aliniletea maji kwenye bakuli, akashika bakuli mpaka nikamaliza kunawa, hakuuliza tena.

Nina swali moja dogo, ukiweza unijibu. Ilichukua muda mrefu kufutika?

Umi


Miteja,
24 Mei 2025

Kwa mpwa wangu Umi,

Asalaam aleikum warahmatullah. Sisi ni wazima. Mpunga tumevuna, si haba. Mkaza mjomba wako ameota jino upya na umri huo, hataki mtu acheke.

Bakary amenikabidhi barua zako mbili kwa mkupuo, ya Aprili na ya Mei. Ya Aprili ilikuwa imelowa, imekauka, imelowa tena, na imebeba alama ya kikombe cha chai. Nimeisoma nimeishika kwa ncha za vidole.

Nani amekwambia nimefuta?

Soma barua yangu tena. Niliandika nimemaliza kazi. Wewe ukakimbilia kulia, kama ulivyokimbia siku ya maziko kabla ya kula. Mimi nifute kitu cha marehemu hitima haijasomwa? Kwa amri ya nani? Nilichagua la pili. Uliniandikia mara mbili nisilichague, nikaona hapo ndipo penyewe.

Sasa nikueleze. Baada ya hapo ikaleta ramani ya dunia, eti niguse nilipo. Nikagusa Kilwa. Ikaruka ikakaa Dar es Salaam. Nikagusa tena, ikaruka tena. Kwao sisi wote ni Dar es Salaam. Nikaiacha, siwezi kugombana na ramani. Kisha ikauliza: Jina lako nani? Uliniambia niandike langu. Ningeliandikaje? Mashine si yangu, na mpaka mwezi wa saba si ya mtu yeyote. Nikaandika Naima. Ikasema neno la siri ni dhaifu. Nikaiambia wewe ndiye dhaifu.

Ilipokuwa inajaza ikaanza kunionyesha picha za vijana wenye meno meupe, wamekaa kwenye makochi, wanacheka na kompyuta zao, chini kuna mstari unatambaa. Sijui walikuwa wanachekea nini. Mimi nilikuwa nasoma dua, nakwambia ukweli, na wao wanacheka. Niligeuza kiti nikakaa ubavu. Mwishowe ikaniomba nichomoe flashi, ikazima, ikawaka.

Ikaja ile picha yake ya cherehani aliyoiweka mwenyewe. Kila kitu mahali pake. Na pembeni faili moja kubwa, ameliandika "Mkwe", ndani yake maneno mengi aliyoyasemea humo.

Umi, neno lile halikuwa lako. Umekaa unalikisia miezi yote hii, na wewe hukutajwa kwenye anwani yake. Nilifungua neno la kwanza nikidhani ni haki yangu kama kaka. Anaanza kwa kugombana na mashine: "Kimewaka hiki au hakijawaka? Naona kinapepesa tu." Anakohoa. Halafu sauti inabadilika, inakuwa ile ya ugenini, anasema hivi, nimeyanakili:

"Mkwe wangu Dionis, mimi ni mama yake Umi. Uso kwa uso siwezi kusema nawe, nitaona haya, wewe ni mkwe wangu. Ndiyo maana nasemea humu. Radhi yangu Umi anayo tangu namzaa, sijaiomba irudi. Mambo ya dini nimemwachia Mwenyezi Mungu, ana nafasi kuliko mimi. Umi akinuna usimfuate nyuma. Mwekee chakula, ukae mlangoni, atatoka mwenyewe. Na kaka yangu atakukunjia uso. Mvumilie. Ni kinyaa chake cha kuzaliwa, tangu mdogo alikuwa ananusa uji kabla ya kunywa."

Hapo nilizima. Mimi niliyemfukuzia nzi, niliyemwoshea beseni bila kuziba pua, kwa mkwewe nimesifiwa kwa kunusa uji! Nimeudhika mpaka leo. Nilizima pia kwa sababu nilielewa ninasikiliza maongezi ya mtu na mkwewe, na hayo hata kaka hana ruhusa nayo. Yapo mengine mengi, alikuwa anarudia, hajiridhishi na salamu. Sijayagusa. Nimeyanakili yote kwenye flashi yako. Nimeiosha kwa spiriti, nimeizungushia nailoni, na nimemwambia Bakary akiiweka karibu na samaki nitajua.

Hitima ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba. Basi linashusha mbele ya msikiti. Asisimame barabarani. Apite mpaka uani, jamvi lake litakuwepo, na aje na kitambaa chake cha mikono, maana vya huku vinashikwa na kila mtu.

Msalimie Dionis.

Mjomba wako,
Abdurahmani


Lindi Mjini,
14 Juni 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Mwambie mkaza mjomba simcheki, namwonea wivu. Flashi imefika na hainuki kitu isipokuwa spiriti.

Unajua ulichokifanya? Ungeandika jina lako kwenye lile swali, mashine ingekufungulia chumba kipya kitupu, chumba cha mama kingebaki kimefungwa, nawe ungeniandikia hakuna kitu. Nami ningekuamini. Nakaa dukani nafanya kazi hii kila siku, na sikulifikiria hilo.

Nilimngoja Dionis arudi kutoka kwenye mageti. Akaoga, akala, nikamwambia kuna salamu zako, nikaweka flashi. Mama akaanza: kimewaka hiki au hakijawaka. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Alipofika kwenye "mkwe wangu" Dionis aliinuka kitini. Akachukua shati lake kwenye msumari, akalivaa, akafunga vifungo mpaka cha shingoni, akatoka nje. Nikadhani ameudhika. Nilikasirika, mjomba, niliona kinyaa na wanaume wote wa dunia hii, wewe ukiwemo. Nikamfuata niende nikamwambie.

Nilimkuta amekaa chini, nje ya mlango, ameupa mgongo ukuta, ameinamisha kichwa, sikio kwenye upenyo. Nikamwambia ingia ndani usikilize vizuri, ni mashine tu.

Akaniashiria ninyamaze. "Nitaingiaje," akasema, "na mama mkwe yumo ndani anaongea?"

Alikaa pale mpaka zikaisha zote. Mimi nilikaa upande wa ndani.

Tutakuja wawili. Jina la kwenye mashine usilibadilishe.

Mpwa wako,
Umi